Mfupa wa mguu umeunga, picha ni nzuri, lakini maumivu hayaishi: uzi kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtaalamu_wa_Viungo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba na kazi yangu iko katika mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya swali ambalo huulizwa na karibu kila mtu aliyevunjika mguu sehemu ya chini, yaani kuanzia kifundo hadi vidoleni: hogo (plasta ngumu ya kufungia mguu) limetolewa, daktari ametazama picha akasema mfupa umeunga, sasa kwa nini asubuhi nikikanyaga chini bado ninachechemea? Wengi hujibiwa kwa mkato kwamba watazoea, wakaondoka na pakiti ya diklofenaki, na wakifika nyumbani huchagua moja kati ya mawili, ama kuulaza mguu kwa miezi mingine, ama kwenda kukandwa kwa nguvu. Yote mawili huwachelewesha, na inaniuma kuona mtu mwenye mfupa mzima akigeuka kilema kwa kukosa maelezo tu.

Unyayo mmoja una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30. Mingi ya mifupa hiyo ikivunjika bila kuhama mahali pake huunga ndani ya wiki sita hadi nane, ingawa kuimarika kwake huendelea kwa miezi mingi baada ya hapo. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa. Haionyeshi gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo) lililojeruhiwa siku ya ajali, wala utando wa kiungo uliosinyaa, wala msuli uliopungua, wala mishipa ya fahamu iliyobaki na wepesi wa kushtuka. Kwa hiyo daktari anayesema mfupa umeunga anasema kweli, na mgonjwa anayesema mguu unamuuma naye anasema kweli. Uvimbe unaokuja jioni na kupungua usiku, ukakamavu wa asubuhi na maumivu ya kukanyaga vinaweza kuendelea kwa miezi mitatu hadi sita, na kwa mivunjiko mikubwa hata mwaka, bila kuwa na maana kwamba mfupa umefunguka.

Kinachotokea ndani ya hogo ni hiki. Kifundo kinakaa katika mkao mmoja, utando wake unakaza, na msuli wa shavu la mguu unapungua ndani ya wiki chache. Chukua futi ya fundi cherehani, pima unene wa mashavu ya miguu yote miwili kwa urefu uleule kutoka gotini, nawe utaiona tofauti kwa macho yako. Pamoja na hayo, mguu unapoteza ule uwezo wa kujua umekaaje ardhini bila kuutazama, ndiyo maana mtu anakanyaga jiwe dogo akayumba kana kwamba amesukumwa.

Huku kwetu milima inaongeza uzito wa jambo hili. Anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, au anayetoka shambani bondeni kule Makete akiwa na mzigo kichwani, anahitaji kifundo kinachokunja vizuri, yaani goti lipite mbele ya vidole huku kisigino kikiwa bado chini. Kifundo kilichokakamaa hakiwezi hivyo. Mwili hautasimama kwa sababu hiyo. Utanyanyua kisigino mapema au utageuza mguu nje, na kazi iliyopaswa kufanywa na kifundo itaangukia mifupa midogo ya katikati ya unyayo. Mtu huyo atasema kwamba pale palipovunjika panauma, na huenda kweli ni palepale, lakini chanzo kiko juu zaidi, kwenye kifundo. Nimeona wagonjwa waliopakwa dawa za kila aina juu ya unyayo bila mtu yeyote kuwapima kifundo.

Unaweza kujipima mwenyewe leo. Simama mbele ya ukuta bila viatu, weka kidole gumba cha mguu umbali wa upana wa vidole vinne kutoka ukutani, kisha peleka goti mbele mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Likigusa, sogeza mguu nyuma kidogo na urudie, hadi ufike mahali ambapo goti linagusa kwa shida. Pima kwa rula kutoka ukutani hadi kwenye kidole, kisha fanya vivyo hivyo kwa mguu mzima. Kifundo kizima kwa watu wengi hufika karibu sentimita 10. Kilicho muhimu zaidi ni tofauti kati ya miguu yako miwili. Ikizidi sentimita mbili au tatu, una kazi ya kufanya hapo.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa. Keti chini, nyoosha mguu, zungushia kanga kwenye unyayo chini ya vidole, uvute taratibu kuja kwako na ushikilie nusu dakika, mara kadhaa, asubuhi na jioni. Kile kipimo cha ukutani chenyewe ni zoezi pia. Baada ya hapo nguvu: shika meza au ukingo wa dirisha, nyanyua visigino vyote viwili, shuka polepole, na baada ya wiki kadhaa anza kuhamishia uzito kwenye mguu uliovunjika mpaka uweze kunyanyuka kwa mguu huo peke yake. Mtu mzima mwenye afya huweza kunyanyuka hivyo zaidi ya mara 20 mfululizo, na hilo ndilo lengo, hata kama leo huwezi hata mara moja. Kisha kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, macho wazi, hadi nusu dakika bila kushika. Watu huliruka zoezi hili la mwisho kwa kuliona la kitoto, kumbe ndilo linalomwokoa mtu na utelezi wa Tukuyu.

Sasa swali gumu: mazoezi yakiuma, niache? Kanuni tunayoifuata ni ya namba. Kama sifuri ni kutokuwa na maumivu kabisa na kumi ni maumivu yasiyovumilika, basi yasipozidi tatu au nne wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi mguu ukawa umerudi katika hali yake ya kawaida, endelea. Yakizidi hapo, au ukaamka na uvimbe mpya, punguza nusu, lakini usiache. Kinachowaumiza wengi ni ile tabia ya kulala siku tatu, kisha siku ya gulio kutembea kutwa nzima, kisha kulala tena. Ni bora kutembea kidogo kila siku na kuongeza kidogo kila wiki.

Kuhusu dawa nitasema machache. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kwa wakati mmoja, visizidi vinane kwa saa 24 kwa mtu mzima, ni salama kwa wengi, lakini mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa ulanzi au pombe nyingine kila siku aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa siku chache. Zikigeuzwa chakula cha kila siku huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huharibu figo. Dawa ikupe nafasi ya kufanya mazoezi, isichukue nafasi ya mazoezi.

Viatu pia. Ndala laini unaloweza kulikunja kwa vidole viwili linaacha unyayo ujipinde kila hatua, na mwenye maumivu ya katikati ya unyayo atateseka nalo. Raba yenye soli ngumu kiasi na kamba za kufunga ni bora. Hata katambuga za tairi zina soli nzuri kuliko ndala, ingawa hazishiki kisigino.

Karibuni kwa maswali.

Mama_wa_Mafinga

Asante sana mtaalamu kwa somo hili. Mume wangu aliangukiwa na gogo kwenye shamba la miti, akavunjika mifupa ya unyayo, na hogo lilitolewa kabla ya mvua kuanza. Kuna mzee jirani anamchua kila jioni kwa mafuta na maji ya moto yenye majani, anabonyeza hadi mume wangu anatoa machozi, naye anasema damu iliyoganda lazima ivunjwe. Je, tuendelee?

Mtaalamu_wa_Viungo

Dada yangu, maji ya moto kwa kiasi yanafaa, kwa sababu joto hulegeza kiungo na msuli, na ukimkanda dakika 10 au 15 kabla ya kuvuta kanga atanyoosha vizuri zaidi. Kuchua kwa upole, kutoka vidoleni kuelekea gotini huku mguu ukiwa juu ya mito, kunasaidia kuondoa uvimbe. Kubonyeza hadi machozi hakuna kazi kunayofanya. Baada ya muda huo wote hakuna damu iliyoganda inayosubiri kuvunjwa pale. Kuna tishu zinazojijenga, na kuziumiza kila jioni ni kuzirudisha mwanzo kila siku. Zungumzeni na mzee kwa heshima, kwa kuwa nia yake ni njema, mwombe apunguze nguvu na amsimamie mgonjwa katika mazoezi. Wazee wanasikilizwa, na mgonjwa akisimamiwa na mtu anayemheshimu hufanya zoezi lote.

Mkulima_wa_Makete

Kijana wangu, habari za kazi. Mimi nilivunjika kisigino kwa kuanguka kutoka juu ya nyumba nikiezeka. Mfupa uliunga. Ila ikifika mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku unaijua, mguu unakuwa kama si wangu hadi jua litoke. Vijijini kwenye mabonde yenye matope ninatembea vizuri, tatizo ni njia ya mawe.

Mtaalamu_wa_Viungo

Shikamoo mzee. Baridi ya Kitulo, kwenye mita zaidi ya 2,500, ninaijua. Baridi hubana mishipa ya damu na kukaza misuli, na kiungo kilichokwisha kujeruhiwa huhisi hilo kabla ya vingine. Haimaanishi kwamba mfupa unaharibika. Vaa soksi nzito tangu usiku, na kabla hujashuka kitandani kunja na kunjua kifundo taratibu ukiwa bado ndani ya blanketi mpaka kipate moto. Ninakuomba sana usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuupasha mguu. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Ulilosema kuhusu mawe limenipa habari nyingi. Chini ya kifundo kuna kiungo kingine kati ya kisigino na mfupa ulio juu yake, na kazi yake ni kuugeuza unyayo kulia na kushoto ili ukubaliane na ardhi isiyo sawa. Kisigino kikivunjika, ufa mara nyingi huingia kwenye kiungo hicho, na gegedu lake likisagika hutokea yabisi ya kiungo miezi au miaka baadaye. Kwenye udongo laini ardhi ndiyo inayoukubali mguu, kwenye mawe mguu unalazimika kujigeuza, na hapo ndipo unapouma. Kiatu chenye shingo ndefu kinachoshika kifundo kitakupunguzia, na fimbo uishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Yakikuzidi, mwone daktari wa mifupa, kwa maana kuna sindano na hata upasuaji wa kukifunga kiungo hicho kwa wale walioshindwa na njia nyingine. Ukiweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, nenda na picha zako za zamani, usiziache nyumbani.

Boda_wa_Uyole

Kaka mtaalamu, mimi yangu ni tofauti na ya hao. Niligongwa nikiwa kwenye pikipiki, nikavunjika mifupa miwili ya unyayo, ikaunga. Lakini mguu unawaka kama umepakwa pilipili. Soksi siwezi kuvaa, hata shuka likigusa ninashtuka. Ngozi mara nyekundu mara ya zambarau, inang'aa, na unatoka jasho mguu huo mmoja tu. Kituo nilichotibiwa waliniambia ninajidekeza. Nyumbani wanasema nimetupiwa kitu.

Mtaalamu_wa_Viungo

Mdogo wangu, hujidekezi, wala hujatupiwa kitu. Naomba usome jibu hili hadi mwisho.

Dalili ulizoandika, yaani kuungua, kuguswa kidogo kukauma sana, rangi kubadilika, ngozi kung'aa na jasho la upande mmoja, ndizo tunazozitafuta tunaposhuku hali inayojulikana kimataifa kwa herufi CRPS (kifupi cha Kiingereza cha complex regional pain syndrome). Siwezi kukuthibitishia kwa maandishi, ni lazima daktari akuone, lakini mwandikie kwenye karatasi herufi hizo na dalili zako zote. Ni ugonjwa wa kweli. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani, aliyaeleza maumivu ya kuungua ya namna hii kwa askari waliojeruhiwa mishipa ya fahamu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, na mwaka 1994 wataalamu wa maumivu duniani walikubaliana juu ya jina linalotumika sasa. Mishipa ya fahamu na ubongo vimeendelea kuulinda mguu kana kwamba jeraha ni la jana, na mguso wa shuka unapokelewa kama kisu.

Jambo baya kuliko yote kwako ni kuuacha mguu bila kuutumia. Jambo la pili kwa ubaya ni mtu kuukunja kwa nguvu. Tunaingia katikati. Anza na kuuzoesha mguso: pamba kwanza, sehemu ya juu ya mguu ambayo haiumi sana, dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, ukiutazama mguu na kujiambia kwamba hii ni pamba. Baada ya siku kadhaa shuka ukielekea panapouma, kisha nenda kwenye kanga laini, kisha taulo, mwisho soksi. Njia nyingine ni kioo. Keti, weka kioo kirefu katikati ya miguu ili ule mbovu ufichwe nyuma yake, kisha chezesha mguu mzima huku ukitazama kwenye kioo. Macho yataona kama ule mbovu unacheza bila maumivu. Njia hii ilianza kwa watu waliokatwa viungo, na huwasaidia baadhi ya wenye hali yako. Usitumie barafu, huwa inazidisha.

Panadol na diklofenaki mara nyingi hazifui dafu hapa. Ziko dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, lakini hizo ziandikwe na daktari. Wahi, kwa sababu hali hii ikianza kutibiwa mapema matokeo huwa bora zaidi. Na hao wa nyumbani wasomee haya, ili fedha ya mganga iwe nauli ya kwenda hospitali.

Boda_wa_Uyole

Kaka, nashukuru. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ugonjwa huu una jina.

Mwalimu_wa_Rungwe

Naomba kuuliza kwa ufupi. Nilipinda mguu nikishuka ngazi za darasa, nikavunjika mfupa wa nje unaoelekea kidole kidogo. Ninaambiwa umeunga, lakini nikibonyeza kwa kidole kimoja, pale pale, panauma, na kila nikiongeza kutembea panaongezeka. Zoezi la visigino nimelijaribu, kesho yake nikashindwa kuingia darasani.

Mtaalamu_wa_Viungo

Mwalimu, wewe simamisha mazoezi ya uzito na urudi kupigwa picha. Maumivu ya ukakamavu husambaa na hupungua ukipata moto. Maumivu ya mahali pamoja penye upana wa ncha ya kidole, yanayoongezeka kila hatua, yanatutaka tuhakikishe kwamba mfupa umeunga kweli. Mfupa huo wa tano una sehemu, karibu na mwanzo wake, inayopata damu kidogo, na ikivunjika hapo huchelewa kuunga au hukataa kabisa. Mvunjiko wa eneo hilo unaitwa kwa jina la Robert Jones, daktari wa mifupa wa Liverpool, aliyeuandika mwaka 1902 baada ya kuvunjika mwenyewe akicheza dansi. Ukivunjika kwenye ncha kabisa habari ni njema zaidi, kwa kuwa pale huunga bila shida. Mwulize daktari ni sehemu ipi, na kama unavuta sigara, acha sasa, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Mdau_wa_Njombe

Na waliowekewa vyuma? Nasikia lazima vitolewe, la sivyo vinaoza ndani.

Mtaalamu_wa_Viungo

Haviozi, ndugu yangu, na wengi huishi navyo maisha yote. Hutolewa kama kichwa cha skrubu kinasugua kiatu au kano, au kama kuna maambukizi. Ukiona pekundu, pana joto, panatoa usaha au una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hali kadhalika shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma, kwa kuwa huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hilo likichanganyika na kubanwa pumzi ni dharura. Mguu wa namna hiyo usichuliwe.

Binti_wa_Vwawa

Samahani kwa kuchelewa kuuona uzi. Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi. Aliteguka mwaka jana, tukaambiwa kuna mfupa ulivunjika, ukaunga. Sasa unyayo umevimba tena, una moto ukiushika, lakini yeye anasema hauumi kabisa na anaendelea kwenda sokoni. Tumfanyishe mazoezi haya?

Mtaalamu_wa_Viungo

Hapana, dada, mazoezi haya msimpe. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za unyayo, kwa hiyo kutouma hakumaanishi usalama. Mguu wa mwenye kisukari uliovimba na wenye joto kuliko mwenzake, ukiwa hauumi, unaweza kuwa na mifupa inayovunjika na kusagika ndani bila yeye kujua, na kila hatua anayokwenda sokoni inaubomoa unyayo wake. Picha ya mwanzoni inaweza hata kuonekana nzuri, kwa hiyo msiridhike nayo peke yake kama joto na uvimbe bado vipo. Kuanzia sasa asikanyage mguu huo. Mtafutieni magongo au kiti cha magurudumu, asikandwe kwa maji ya moto kwa sababu ataungua bila kuhisi, mkague katikati ya vidole na chini ya unyayo kama kuna kidonda, na kesho asubuhi mpelekeni hospitali yenye daktari wa mifupa na kliniki ya kisukari. Mkifika, neno la kwanza mseme kwamba ana kisukari.